Mabomba ya Moshi katika Injini ya Motokaa ya Mashindano

Watu wengi hudhani ya kuwa motokaa yenye kishindo kikubwa ndiyo yenye nguvu kubwa. Kwa ajili hiyo vijana wa mjini huitoa silensa, hutia bomba pana, na kila apitapo mtu huyo watoto hukimbia kutazama. Kishindo amekipata kweli. Lakini akifika mlimani na mzigo wake, pengine huachwa nyuma na mwenzake mwenye ekzosi ya kawaida. Sababu yake yafaa kuelezwa, kwa maana imo ndani ya mambo yale yale tunayofundishwa katika Fizikia kuhusu mawimbi ya sauti.

Katika injini ya mapigo manne, pistoni ikisukumwa chini na moto, valvu ya kutolea moshi haingoji mpaka pistoni ifike chini kabisa. Hufunguka mapema, tuseme digrii 60 kabla ya hapo, wala haifungi mpaka pistoni imekwisha kupanda juu na kuanza kushuka tena digrii 20. Jumla hukaa wazi digrii 260. Karibu na mwisho wa muda huo valvu ya kuingizia petroli na hewa nayo imekwisha anza kufunguka. Basi kwa kitambo kidogo milango yote miwili i wazi, kama nyumba iliyofunguliwa mlango wa mbele na wa uani ili upepo upite. Nguvu ya injini ya mashindano hutegemea sana yanayotukia katika kitambo hicho.

Moshi unapotoka kwa nguvu, mshindo wake hukimbia ndani ya bomba kama wimbi. Wimbi lifikapo mahali ambapo bomba hupanuka ghafula, au huungana na mabomba mengine, sehemu yake hurudi nyuma. Na hilo lirudilo halisukumi, bali huvuta. Likiifikia valvu wakati milango yote miwili i wazi, huufyonza moshi uliobakia katika silinda na kuivuta petroli mpya iingie. Likiwahi mno au likichelewa, faida hupotea.

Tufanye hesabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mara 100 kwa sekunde. Tangu valvu kufunguka mpaka pistoni kufika juu ni digrii 240, yaani theluthi mbili za mzunguko, au sehemu moja ya 150 ya sekunde. Sauti katika hewa ya kawaida huenda kama mita 340 kwa sekunde, lakini katika moshi wenye joto la digrii 500 za Sentigredi huenda kama mita 550. Kwa hiyo katika muda huo wimbi laweza kusafiri mita 3 na theluthi mbili, kwenda na kurudi. Injini hiyo hiyo ikizunguka mara 3,000, muda huwa maradufu, na wimbi huhitaji njia ndefu maradufu. Hesabu hii ni ya makadirio tu, kwa kuwa wimbi lina urefu wake na halifiki lote kwa mara moja. Ndiyo maana mafundi wa mashindano huiweka injini juu ya mashine ya kupimia nguvu, wakajaribu bomba moja baada ya jingine. Hata hivyo hesabu yatuonyesha jambo kubwa: hakuna bomba lifaalo kwa kila mwendo. Achaguaye urefu wa bomba amechagua pia mwendo ambao injini yake itapumua vizuri.

Upana nao ni vivyo hivyo. Bomba jembamba huikaba injini. Bomba pana mno huupunguzia moshi mbio zake na kulidhoofisha wimbi. Yule kijana wa mjini amenunua kelele kwa fedha nyingi.

Sasa tuje kwenye mpangilio wenyewe. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpango wa 1, 3, 4, 2, na kila baada ya digrii 180 silinda moja huwaka. Lakini tumekwisha ona kwamba valvu hukaa wazi digrii 260. Kwa hiyo silinda ya tatu inapofungua valvu yake na kutema moshi kwa kishindo, valvu ya silinda ya kwanza bado i wazi kwa digrii 80. Kama mabomba ni mafupi na yote yameingia katika kasha moja la chuma, kama zilivyo manifoldi za bei rahisi, moshi wa jirani hurudi ndani ya silinda ya kwanza wakati ule ule inapotaka kupokea petroli mpya.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuipa kila silinda bomba lake refu, yote manne yenye urefu sawa, kisha yaunganishwe mahali pamoja. Mpangilio huu hutoa nguvu nyingi kabisa injini inapozunguka kwa kasi sana. Ya pili ni kuunganisha kwanza silinda 1 na 4, na 2 na 3, kisha mabomba hayo mawili yawe moja. Silinda za jozi moja huwaka kwa kupishana digrii 360, hivyo hazigombani hata kidogo, na injini huvuta vizuri tangu mwendo wa katikati. Kwa maoni yangu, anayeshindana katika barabara za vumbi, zenye kona na vilima, achague hii ya pili, maana kila atokapo kwenye kona injini yake imepungua mwendo. Ile ya kwanza ni ya viwanja vya mbio, ambako dereva haachi injini ishuke.

Injini ya V yenye silinda nane ina taabu zaidi. Ford GT40 Mk II, iliyochukua nafasi tatu za kwanza katika mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1966, ilikuwa na injini ya lita 7 iliyowaka kwa mpango wa 1, 5, 4, 2, 6, 3, 7, 8. Silinda 1 mpaka 4 zilikuwa upande mmoja, na 5 mpaka 8 upande wa pili. Msomaji akifuata mpango huo ataona kuwa 4 na 2, za upande mmoja, huwaka zikifuatana kwa digrii 90 tu. Kadhalika 7 na 8. Kuziunganisha upande kwa upande ni kuzigombanisha. Kwa hiyo mafundi walichukua 1, 4, 6 na 7 wakazifanya kundi moja, na 5, 2, 3 na 8 kundi la pili, ili kila kundi liteme moshi kila baada ya digrii 180. Ilibidi mabomba manne yavuke juu ya injini kwenda upande wa pili, yakajikunja hata yakapewa jina la fungu la nyoka. Iliwezekana kwa kuwa injini ilikuwa nyuma ya dereva. Mbele, chini ya boneti, sijui wangeyapitisha wapi.

Kampuni ya Coventry Climax ya Uingereza ilipata shida hiyo hiyo katika injini yake ndogo ya V8 ya lita 1.5, ikaitatua kwa njia nyingine. Mwaka 1963 walibadili kranki yenyewe, wakatumia yenye vifundo vilivyolala katika bapa moja, na hapo kila upande ukawaka kama injini ya silinda nne iliyo peke yake. Mabomba hayakuhitaji tena kuvuka. Kranki ya namna hiyo hutetemesha injini zaidi, lakini pistoni za injini ndogo ni nyepesi, na mtetemeko ulivumilika. Mwaka huo Jim Clark, akiendesha Lotus 25 yenye injini ya Climax, alishinda mbio 7 kati ya 10 akawa bingwa wa dunia.