Kufundisha Wepesi wa Vidole katika Upigaji wa Gita

1. Utangulizi

Miongoni mwa wanachuo wanaochagua somo la muziki katika vyuo vya ualimu, wengi huja na shauku moja: kupiga gita kwa kasi. Shauku hiyo haishangazi kwa kijana aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria. Kutoka Mwanza kupita Musoma na Shirati hadi Kisumu, masikio yamelelewa na benga, muziki ambao gita lake huiga mtiririko wa nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Daniel Owino Misiani, mmoja wa waliousambaza sana muziki huo, alizaliwa Shirati mwaka 1940 na kufariki Kisumu mwaka 2006. Mwanafunzi anayelishika gita kwa mara ya kwanza huwa tayari anayo kichwani kasi ya mabingwa kama hao.

Lakini shauku hiyohiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Mwanachuo huanza wimbo kwa mwendo aliousikia kwenye santuri, hukaza mkono, hukwama mahali palepale kila siku, na kabla ya muhula kwisha hutamka kwamba vidole vyake ni vizito kwa maumbile. Hasara hii haimpati yeye peke yake. Huyu ni mwalimu wa kesho, na imani kwamba wepesi ni kipaji cha wachache ataipeleka kwa watoto atakaowafundisha.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kasi haifundishwi moja kwa moja. Kinachofundishwa ni usahihi na ulegevu wa mkono. Kasi ni zao lake. Tutaeleza pia hatua zinazoweza kufuatwa hata katika darasa lenye magita machache.

2. Kasi hutokana na nini?

Atazamaye mafundi wa nyavu katika fukwe za ziwa ataona kwamba mikono yao haionekani kuwa na pupa. Sindano hupita njia ileile fupi kila mara, na fundo hufungwa bila mwendo wa ziada. Gita nalo lina kanuni hiyohiyo, nayo inaweza kugawanywa katika mambo matatu.

Kwanza, ufupi wa njia. Kidole kinachoinuliwa sentimita 3 juu ya uzi husafiri sentimita 6 kwenda na kurudi. Kinachoinuliwa nusu sentimita husafiri sentimita 1 tu. Tofauti ya mara sita haiwezi kuzibwa na nguvu za mkono.

Pili, kiasi cha nguvu. Uzi ukibanwa karibu kabisa na freti, yaani kile chuma chembamba kilichokingamia shingo ya gita, hutoa sauti safi kwa nguvu ndogo. Mwalimu amwambie mwanafunzi auguse uzi kwa wepesi na kuupiga, kisha aongeze mbano kidogo kidogo mpaka sauti isafike. Hapo atatambua kwamba siku zote amekuwa akitumia nguvu kupita kiasi, na nguvu hiyo ya ziada ndiyo breki ya vidole vyake.

Tatu, mazoea. Mkono hauchagui cha kukariri. Kosa lililorudiwa mara ishirini hukaa mkononi sawasawa na sauti sahihi iliyorudiwa mara ishirini. Ndiyo maana kurudia haraka jambo usiloliweza ni kujifunza kutoliweza.

Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, husikika kana kwamba ni watu wawili wanaopiga pamoja. Hata hivyo mkono wake wa kulia ulitegemea vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Hapo panaonekana kwamba mpangilio wa vidole hufanya kazi ambayo msikilizaji huidhania ni ya mbio.

3. Zana ya kupimia mwendo

Mazoezi ya kasi hayawezekani bila kipimo cha mapigo. Metronomu ya dukani ni ghali, na programu yake katika simu haipatikani kwa kila mwanafunzi. Lakini jiwe dogo lililofungwa kwenye uzi wa kuvulia samaki na kuning'inizwa mlangoni hutosha. Urefu upimwe kuanzia pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya jiwe, na jiwe libembezwe kidogo tu. Kila linapofika upande mmoja ni pigo moja. Sentimita 99 hutoa mapigo 60 kwa dakika. 69 hutoa mapigo 72. 56 hutoa 80. 36 hutoa 100. Na 25 hutoa 120. Uzito wa jiwe haubadilishi mwendo. Urefu wa uzi ndio unaoubadilisha. Mwalimu wa fizikia atafurahi kushirikiana nasi katika somo hili.

4. Hatua za mazoezi

Tuchukue ngazi ya do, re, mi, ambayo wanafunzi wengi wameizoea katika kwaya. Uzi wa 5, freti ya 3, kidole cha pete: do. Uzi wa 4 ukiwa wazi: re, freti ya 2, kidole cha kati: mi, freti ya 3, kidole cha pete: fa. Uzi wa 3 ukiwa wazi: so, freti ya 2, kidole cha kati: la. Uzi wa 2 ukiwa wazi: ti, freti ya 1, kidole cha shahada: do ya juu.

(a) Kuimba kabla ya kupiga. Mwanafunzi aimbe ngazi huku akiweka vidole mahali pake bila kugusa nyuzi kwa mkono wa kulia. Asiyejua sauti inayofuata hawezi kuiwahi.

(b) Mwendo wa polepole. Apige sauti moja kwa kila pigo katika mapigo 60. Mkono wa kulia upishanishe, chini na juu, bila kuruka zamu. Mabega yashuke, pumzi isizuiwe.

(c) Kupanda ngazi ya mwendo. Akipiga mara tatu mfululizo bila kosa, uzi wa jiwe ufupishwe hatua moja. Akikosea mara mbili, arudi hatua moja nyuma. Kurudi huko kusichukuliwe kuwa adhabu; ni sehemu ya kanuni.

(d) Kutenga mahali pagumu. Aghalabu kosa halimo katika ngazi nzima bali kati ya sauti mbili, hasa mkono unapohama uzi. Sauti hizo mbili zitengwe na zipigwe peke yake, kisha ziongezwe ya kabla na ya baada.

(e) Mbio fupi. Vidole vikishatulia, mwanafunzi apige sauti nne kwa kasi, apumzike mapigo manne, kisha arudie. Mapumziko hayo humpa nafasi ya kuulegeza mkono kabla haujakakamaa.

Kuhusu muda, haba na haba hujaza kibaba. Tangu Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipochapisha uchunguzi wake juu ya kumbukumbu mwaka 1885, imefahamika kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa siku moja. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zitamfaa mwanafunzi kuliko saa tatu za Jumamosi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Ncha za vidole kuuma ni kawaida kwa mwanzilishi. Lakini maumivu ya kiwiko au kifundo cha mkono, au ganzi vidoleni, ni amri ya kusimamisha zoezi siku hiyo. Yakiendelea, apelekwe kwa mganga. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi avumilie maumivu ya namna hiyo anahatarisha mkono usio wake.

5. Darasa lenye magita mawili

Katika kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi wengi, tunapendekeza makundi matatu yanayobadilishana. Kundi la kwanza hushika magita kwa zamu. La pili hutumia mbao zilizochorwa mistari 6 ya nyuzi na mistari ya freti, wakizoeza vidole huku wakiimba. La tatu husikiliza na kuandika: sauti gani imekosewa, bega gani limepanda, kidole gani kimeruka mbali. Kazi hii ya tatu isidharauliwe, kwani sikio linalotambua kosa la mwenzake ndilo litakalolitambua kosa la mwenyewe.

6. Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba mabingwa hawakufundishwa hivi. Walijifunzia kwenye bendi, mbele ya wachezaji. Ni kweli. Lakini kijana wa bendi hurudia wimbo uleule usiku hadi usiku, na wazoefu walio kando yake humsahihisha. Mwanafunzi wetu hana usiku huo; ana vipindi vichache kwa juma. Mpango huu haukusudii kuchukua nafasi ya kupiga pamoja na wengine. Unamwandaa afike huko akiwa na mkono usiompinga.

7. Hitimisho

Mwalimu asimpime mwanafunzi kwa mwendo aliofikia tu, bali pia kwa usafi wa sauti katika mwendo huo. Anayepiga mapigo 72 bila doa amekwisha kuijua njia ya kufikia 120. Anayeparamia 120 kwa makosa bado hajaanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagua mahali pagumu katika wimbo wa shule yako. Ni sauti zipi mbili zinazokwamisha, na kwa nini?
2. Tengeneza kipimo cha jiwe chenye mapigo 80. Utawaelezaje wanafunzi sababu ya urefu huo?
3. Utamsaidiaje mwanafunzi anayeamini kwamba vidole vyake ni vizito kwa maumbile?