Simu ya Bei Nafuu? Kagua Haya Kabla ya Kulipa

Si lazima uwe na simu ya bei ghali ndio utumie huduma zetu. Hata iliyotumika inatosha. Lakini simu ndiyo pochi yako siku hizi, kwa hivyo tunakushauri ukague mambo matatu kabla ya kutoa pesa:

1. Piga *#06# upate nambari ya IMEI. Itume kwa SMS hadi 1555 ya Mamlaka ya Mawasiliano, ujue kama simu ni halali au feki.

2. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako. Ikiwaka na kuitisha akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza, na muuzaji hawezi kuifungua, achana nayo. Huenda ni ya wizi.

3. Kwenye mipangilio, angalia tarehe ya sasisho la usalama. Kama ni ya miaka mingi iliyopita, usiweke programu za pesa. Tumia menyu ya laini yako. Hiyo hufanya kazi hata kwa kabambe, bila intaneti.

Na ukiuza simu yako ya zamani, toa laini na ufute kila kitu kwanza. PIN ni siri yako, hata fundi usimwambie.