Semi, Tanki na Lobedi: Maswali ya Wakazi wa Miburani Kuhusu Kazi za Udereva Zenye Jina

Hapa kisiwani Mafia gari kubwa ni fuso. Habari za semi, tanki na safari za Congo hutufikia kwa simulizi za waliovuka kwenda Nyamisati, upande wa bara, na kwa picha za kwenye simu, ambazo huonyesha kichwa cha gari kinachong'aa lakini hazionyeshi foleni. Maswali yafuatayo ndiyo huulizwa zaidi na vijana, na wazazi wao pia.

Hizo kazi zenye jina ni zipi hasa?

Ya kwanza ni kubeba mzigo usio wa kawaida, yaani unaozidi urefu, upana au uzito unaoruhusiwa barabarani. Kwetu Tanzania ukomo wa uzito ni tani 56, gari na mzigo wake. Hubebwa kwa tela la chini ambalo madereva huliita lobedi. Mitambo ya umeme ya Bwawa la Julius Nyerere, huko Rufiji ng'ambo yetu, ni mzigo wa aina hiyo. Kenya nayo ilisafirisha mitambo 365 ya upepo kutoka bandari ya Mombasa hadi Loiyangalani, Turkana, mapanga yake yakiwa na urefu wa mita 25 hivi kila moja. Nyingine ni matanki ya mafuta, kemikali za migodini, na dampa za machimbo kama Geita, ambako wanawake pia wameshika usukani.

Kwa nini wanasema dereva wa lobedi anakula bure?

Kwa sababu wanamwona amekaa. Mzigo huo huhitaji kibali na gari la kuongoza msafara, na husafiri mchana tu. Jua likizama anaegesha, daraja likitiliwa shaka anasubiri mainjinia. Kukaa huko ni kazi, kwani mzigo uko chini ya dhamana yake hata akiwa amelala. Kabla ya kusaini, uliza posho ya siku za kusubiri ni kiasi gani. Swali hilo lina uzito kuliko mshahara unaotajwa.

Leseni ya gari dogo inatosha?

Haitoshi. Magari makubwa ya mizigo yanahitaji daraja E, na mafunzo yake hutolewa na vyuo vinavyotambulika kama NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Dar es Salaam, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Anayekuahidi leseni bila darasa anakuuzia kesi, na ajali ikitokea utajibu wewe.

Tanki la mafuta ni hatari kiasi hicho?

Ni hatari inayodhibitiwa kwa utaratibu. Ndani, tanki limegawanywa vyumba ili kupunguza kusukasuka kwa mafuta kunakoweza kuliyumbisha gari. Halijazwi hadi juu kwa kuwa petroli hutanuka kwa joto. Kabla ya kushusha, dereva huunganisha waya ardhini ili umeme tuli, yaani umeme unaojikusanya kwa msuguano, usitoe cheche.

Wapo wanaoamini kwamba tanki likianguka mafuta yake ni riziki ya walio karibu. Imani hiyo inaeleweka mahali penye shida, ila tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya tanki lililoanguka kulipuka huku wakichota. Ukiona hali hiyo kaa mbali, waonye wengine, uite polisi au zimamoto.

Mafuta yakipungua, tajiri anaweza kukata mshahara wote?

Hapana, na hapa ndipo wengi huumia kimyakimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka uwe umekubali makato kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, uelezwe kwa maandishi chanzo na hesabu yake, na upewe nafasi ya kujitetea. Hata hapo, makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya ujira wako. Ndiyo maana kagua lakiri, yaani kifungo cha kuthibitisha kuwa tanki halijafunguliwa, na uandike namba yake kabla ya kuondoka na unapofika.

Saa za kazi zina ukomo?

Zinao: saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ziada hufanywa kwa makubaliano na hulipwa mara moja na nusu, na siku yote pamoja na ziada isizidi saa 12.

Na safari za Congo?

Foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, huweza kumweka dereva siku kadhaa, akilala garini na kulinda turubai. Usalama nao si wa uhakika kila mahali: Septemba 2016 madereva Watanzania walitekwa na waasi huko Namoya, mashariki mwa Congo, kabla ya kuokolewa. Una haki ya kujua njia na utaratibu wa dharura kabla hujawasha gari.

Nimeahidiwa udereva Canada, nitume ada kwanza?

Usitume. Kazi za namna hiyo zipo kweli, lakini fedha inayoombwa kwa simu na mtu usiyemjua ni dalili ya utapeli. Peleka ujumbe huo kwa TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, wakuhakikishie.

Nikifukuzwa au nikipata ajali?

Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mengine ndani ya siku 60. Hesabu na siku za kungoja chombo cha kuvuka. Kwa ajali ya kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye huuchangia. Hulipia matibabu, ulemavu, na wategemezi wa aliyefariki.

Acha nyumbani Miburani nakala ya mkataba, namba ya gari na ya tela, na simu ya msimamizi. Ziwekwe mahali mama anapopajua, maana ukiwa Lubumbashi, Congo, simu yako haitapatikana kila siku.