Mapengo Katika Daftari la Mvua

Mhariri ameniomba niwaandikie somo moja la hesabu za kompyuta, akasisitiza lisiwe la kuchosha. Nalifikiri siku kadhaa, kisha nikaona heri niandike juu ya kosa langu mwenyewe, maana kosa la mwalimu husomwa kwa furaha kuliko hekima yake.

Ninyi wenzangu mliokwisha kuondoka shuleni mtakikumbuka kile chombo cha kupimia mvua kilichosimama katika shamba la shule, bondeni, upande wa mto Sebeya. Kila siku saa tatu asubuhi Mzee wetu wa bustani alikwenda kumimina maji ya chombo katika bilauri yenye mistari, akasoma milimita, akaziandika katika karatasi ya mwezi iliyokaa ndani ya sanduku palepale. Mwezi ulipokwisha, karatasi ilinakiliwa katika daftari kubwa. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi, Jumapili na sikukuu, wala hakudai sifa.

Hivi karibuni chama cha sayansi kiliniita niwasaidie wanafunzi kutia daftari lile katika kompyuta. Tulitumia R, nayo ni lugha ya kuiamuru kompyuta ifanye hesabu za takwimu. Ilianzishwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Haiuzwi, kila mtu huipata bure, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyotufanya tuichague.

Tukajumlisha mvua ya kila mwezi, tukachora nguzo za rangi ya buluu, tukabandika karatasi ukutani. Watu wakaisifu. Siku moja Mzee, ambaye sasa amestaafu, akapita kutusalimu. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu, akaweka kidole mahali pasipokuwa na nguzo.

“Mwalimu, hapa ni Mei ya mwaka wa mafuriko?”

“Ndiyo, Mzee, Mei 2023.”

“Na ninyi mmeandika sifuri?”

Nikatazama. Kweli, chini yake palikuwa na 0.

“Basi, mwanangu,” akasema, “mwezi ule hatukukosa mvua. Tulikosa chombo.”

Kila mtu wa Rubavu ajua yaliyotokea usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua ilinyesha juu ya milima ya magharibi na kaskazini ya Rwanda, Sebeya ikafurika, nyumba zikaanguka juu ya watu waliolala, na nchini walikufa watu zaidi ya 130. Maji yalikichukua chombo chetu pamoja na sanduku na karatasi ya mwezi ndani yake. Kwa hiyo ukurasa wa Mei katika daftari ni mtupu. Nasi, kwa amri moja fupi, tuliugeuza ukurasa ule kuwa ukame.

Sasa nieleze kosa lilivyoingia. Twaeni siku tano za mvua, ya tatu haikupimwa:

mvua <- c(12, 0, NA, 5, 31)

Herufi mbili NA ndizo alama ya R kwa thamani isiyokuwapo. Tazameni kwamba siku ya pili imeandikwa 0 na siku ya tatu NA. Siku ya pili Mzee alikwenda, akainamisha chombo, hakikutoka kitu. Hiyo ni habari kamili. Siku ya tatu hatuna habari yoyote. Tukiuliza wastani, mean(mvua), R yajibu NA. Wanafunzi wengi hukasirika hapo, wakidhani mashine imeshindwa. Haikushindwa. Yasema kweli: wastani wa siku tano haujulikani kama siku moja haijulikani.

Kwa sababu hiyo hata swali hili lina jibu la ajabu: NA == NA, yaani, je, kisichojulikana hiki ni sawa na kile? R hujibu NA. Fikirini siku mbili ambazo Mzee alikuwa mgonjwa. Je, mvua ya siku ya kwanza ilikuwa sawa na ya siku ya pili? Hakuna ajuaye. Basi usitafute mapengo kwa alama ya usawa, bali kwa is.na(mvua), na ukitaka kuyahesabu, sum(is.na(mvua)), ambayo hapa hutoa 1. Vilevile ukiagiza siku zenye zaidi ya milimita 10 kwa mvua[mvua > 10], utapata 12, NA na 31. Ile ya katikati yaja bila kualikwa, kwa kuwa labda nayo ilizidi 10.

Kuna dawa ambayo kila mwanafunzi huijua tangu juma la kwanza: mean(mvua, na.rm = TRUE). Maana yake, ondoa zisizokuwapo, kisha hesabu. Hapo wapata 48 kwa 4, yaani 12. Kama pengo lingaliandikwa sifuri, ungalipata 48 kwa 5, yaani 9.6. Na kama daftari lingalitoka katika zile ofisi za zamani ambazo huandika -999 mahali pa pengo, nawe ukasahau kumwambia R, wastani wa mvua ungalikuwa -190.2, mvua ipandayo mbinguni. Kosa kama hilo ni la heri, kwa kuwa lajitangaza lenyewe.

Letu halikujitangaza. Mei 2023 ilikuwa na siku 31, zote NA. Tulipoamuru sum(mei, na.rm = TRUE), R iliondoa zote 31, ikabaki na orodha tupu, na jumla ya orodha tupu ni 0. Ndivyo kanuni ilivyo, nayo si ya kipumbavu, kwa maana jumla ya kitu na utupu lazima ibaki kitu kilekile. Lakini ulizeni ukurasa uleule kwa njia nyingine. Wastani wake, mean(mei, na.rm = TRUE), ni NaN. Siku yake yenye mvua kubwa kuliko zote, max(mei, na.rm = TRUE), ni -Inf, tena pamoja na onyo. Majibu matatu kutoka katika utupu mmoja! Mawili yana sura ngeni, yakakulazimisha usimame uulize. La tatu, sifuri, lina sura ya namba ya kawaida, likapita mlangoni kama mtu wa nyumbani.

Hizo NaN na Inf zataka maneno machache, kwa kuwa wazee wetu wa darasa la hesabu walitufundisha kwamba kugawa kwa sifuri hakuwezekani, wakaliacha hapo. Kompyuta haliachi hapo. Katika mwaka wa 1985 ilitolewa kanuni ya hesabu za namba zenye nukta, iitwayo IEEE 754, na ndani yake zimo alama za mambo hayo. Wanafunzi wetu walitaka kulinganisha mvua ya kila juma na ya juma lilelile la mwaka uliotangulia. Katika Julai, ambayo kwetu ni kiangazi, walipata juma la milimita 6 ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa na 0. R ilitoa 6/0, ikaandika Inf, yaani kisicho na mwisho. Gaweni 6 kwa 0.1, kisha kwa 0.01, kisha kwa 0.001, mtaona jibu laelekea wapi. Juma jingine lilikuwa 0 kwa 0, jibu likawa NaN, maana yake si namba: hakuna jibu moja linaloweza kutetewa. Na aliyetaka kutumia logi ya mvua alipata -Inf kila siku kavu, kwa kuwa log(0) ndivyo ilivyo.

Hapo yafaa mwangalie jambo moja. Ile na.rm huondoa NA, nayo huondoa NaN pia, kwani is.na(NaN) ni TRUE. Lakini Inf haiiondoi. Inf moja katika majuma 500 yatosha kufanya wastani wote uwe Inf. Kwa kuchuja zote pamoja iko is.finite(), ambayo hukubali namba za kweli tu. Hata hivyo sikuwaruhusu wanafunzi kuzichuja. Nilipowauliza kwa nini walitaka kugawa, walikuta kwamba kutoa kulitosha: juma hili limezidi lile kwa milimita 6. Inf nyingi nilizoziona katika kazi za wanafunzi zilitoka katika swali lililoulizwa vibaya.

(Jambo la pembeni. Neno letu “na” halina hatari, kwa kuwa R hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Maskini ni Namibia. Ufupisho wake katika orodha za nchi ni NA, na mtu asomaye orodha hiyo kwa read.csv bila kuangalia hukuta nchi nzima imepotea.)

Turudi kwenye daftari. Baada ya Mzee kuondoka tulilifungua upya, tukatafuta sababu ya kila pengo. Baadhi yalikuwa ya bahati tu: bilauri ilivunjika, karatasi ilimwagikiwa chai. Mapengo ya namna hiyo yakiondolewa, wastani hauharibiki sana. Kuanzia tarehe 23 Mei 2021 palikuwa na siku kadhaa tupu; siku iliyotangulia Nyiragongo ulikuwa umelipuka jioni, na mitetemeko ya ardhi iliyofuata ikapasua nyumba na barabara mjini, hata Mzee akaihamisha jamaa yake. Volkano haikuchagua siku za mvua wala za jua, basi pengo lile nalo laweza kuvumilika. Mei 2023 ni mbali kabisa. Pale kipimo kilipotea kwa sababu mvua ilikuwa kubwa mno. Kile tulichotaka kukipima ndicho kilichokivunja kipimo. Ukiondoa pengo kama hilo na kuhesabu zilizobaki, utawaambia watu wa bondeni kwamba mvua ya Mei si ya kutisha. Mtaalamu Donald Rubin aliyatenganisha mambo haya katika andiko lake la mwaka 1976, na tangu hapo wana-takwimu huuliza kwanza kwa nini thamani haipo, ndipo waulize wafanye nini.

Hapo mwanafunzi mmoja wa kike akauliza swali ambalo sikulitazamia: daftari la nchi nzima lina nini katika Aprili 1994?

Nilimjibu ninalolijua. Kabla ya mwaka ule Rwanda ilikuwa na vituo vingi vya kupima mvua. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza Aprili 7, vituo vilinyamaza karibu vyote. Wapimaji waliuawa au walikimbia, vyombo vikaharibika, na upungufu ukaendelea kwa kadiri ya miaka 15. Aprili kwetu ni katikati ya masika, Itumba kwa Kinyarwanda. Mvua ilinyesha mwaka ule kama miaka mingine, na hakukuwa na mtu wa kuinamisha chombo. Mtu akijumlisha kama sisi tulivyojumlisha, atachora nguzo ya sifuri mahali hapo. Darasa lilikaa kimya kidogo.

Baadaye idara ya hali ya hewa, Meteo Rwanda, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, ilitengeneza upya habari za mvua za miaka iliyokosekana. Hawakubuni. Satelaiti zilikuwa zimeendelea kupiga picha za mawingu, na wingu lenye kilele cha baridi kali huelekea kuleta mvua. Makadirio hayo yakasahihishwa kwa vipimo vya vituo vilivyokuwapo. Anayepanda viazi au mahindi, na anayepanga daraja, sasa anaweza kuuliza mvua ya miaka ile. Lakini namba iliyokadiriwa hukaa na alama ya kukadiriwa, isije ikajidai imepimwa kwa bilauri.

Nasi tulifanya kazi ndogo zaidi. Tuliandika safu ya pili kando ya mvua, yenye sababu ya kila pengo kwa maneno. Mwezi wenye siku zaidi ya 5 zisizopimwa haupati jumla tena. R hupewa amri iuandike NA. Nguzo ya Mei 2023 tumeichora kwa mistari ya nukta, bila urefu wowote, na chini yake: chombo kilichukuliwa na maji. Mzee ameiona, akataka tuongeze kwamba karatasi ilikuwa na siku za kwanza za mwezi zilizokwisha kuandikwa. Tukaongeza.

Wenye kompyuta wajaribu haya, lakini kwanza waandike jibu kwa kalamu: Inf - Inf; NA > 10; NA & FALSE; NA | TRUE; na min() ya Mei yetu baada ya kuondoa mapengo. Jibu la tatu na la nne huwashangaza watu. Fikirini ni lipi ambalo hubaki lilelile, hata kile kisichojulikana kikiwa chochote.