Somo la Mwezi: Wana Wawili Kaburini pa Baba Yao

Soma: Mwanzo 21:8–21, 25:7–10



Ibrahimu alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela. Tukumbuke kwamba Ishmaeli alikuwa amefukuzwa nyumbani pamoja na mama yake Hajiri, mjakazi, akakaribia kufa kwa kiu jangwani, Mungu akamsikia. Hata hivyo, siku ya msiba alikuja. Kaburi hilo la Hebroni huheshimiwa hata leo na Wayahudi, Wakristo na Waislamu.

Urithi huo tunao hata vinywani mwetu. Salamu, malaika, nabii na sadaka ni maneno tuliyopokea kutoka Kiarabu. Kiebrania nacho kina ndugu zao: shalom, malakh, navi, tsedaka. Yalipanda kutoka pwani kwa njia ya misafara, toka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji. Lakini njia hiyo hiyo iliteremsha pembe za ndovu na watumwa. Akina Hajiri wengi walipita nchi yetu hii wakilia.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe watu waliochukua maiti ya Daktari Livingstone, wakiongozwa na Susi na Chuma. Chuma alikuwa amekwisha kubatizwa. Susi alibatizwa baadaye, mwaka 1886. Luteni Cameron, waliyemkuta huko, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakamchukua pamoja mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Je, sisi wa Igalula? Katika jamaa moja yumo Yusufu aendaye msikitini na Yosefu ajaye kanisani. Mzazi wao akifa, ugomvi waweza kuanza kabla kaburi halijachimbwa. Hatusemi kwamba imani zote ni moja. Sisi twamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu. Jirani yetu Mwislamu hasemi hivyo, na hatuna haja ya kufichana. Lakini marehemu azikwe kwa imani aliyoishika, na wanawe wote washike jembe.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ishmaeli alikuwa na sababu gani za kutokuja mazikoni?
2. Je, kuna ndugu tusiyesemezana naye kwa ajili ya dini? Nani ataanza kumwendea?

Tuombe: Ee Mungu wa Ibrahimu, uliyemsikia mtoto jangwani, utufundishe kusikilizana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.