KERENG'ENDE NA KINYONGA: WAWINDAJI WAWILI SHAMBANI



Katika mashamba ya nyanda za juu wako vibarua wawili wasiodai mshahara. Wa kwanza ni kereng'ende wa manjano, yule ajaye kwa makundi pamoja na mvua. Wa pili ni kinyonga wa Jackson, ambaye dume lake lina pembe tatu. Tuwalinganishe, tupate kujua namna ya kukaa nao.

MACHO. Kila jicho la kereng'ende limeundwa na maelfu ya vijicho, hata huona karibu pande zote kwa mara moja. Kinyonga huzungusha kila jicho peke yake. Akitaka kupiga, huyaelekeza yote mawili kwa mdudu ili apime umbali.

KUWINDA. Kereng'ende hunasa mbu na nzi angani kwa miguu aliyoikunja kama kikapu. Kinyonga hutulia tawini, kisha hurusha ulimi mrefu kuliko mwili wake. Mtoto wa kereng'ende naye, angali majini, hurusha mdomo wake wa chini na kukamata viluwiluwi vya mbu.

KUZAA. Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Kereng'ende hutaga mayai katika madimbwi ya mvua, na baada ya majuma sita hivi watoto huweza kuruka. Kinyonga huyu hatagi kama vinyonga wengi. Hubeba mimba karibu miezi sita, kisha huzaa watoto hai, mara nyingi 8 hadi 30. Basi jike likiuawa leo, pengo lake halizibwi upesi.

Wawindaji hawa hawawezi kumaliza wadudu wote, na pengine hula hata nyuki. Lakini kuwaua ni hasara kwako. Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Usimpige kinyonga mawe, na uwakataze watoto. Hana sumu. Pembe za dume ni za kupigania na madume wenzake.

2. Ukikata ua, tazama matawi kabla ya kuyachoma. Kinyonga hakimbii moto upesi.

3. Usioshe bomba la dawa mtoni wala penye dimbwi. Dawa iuayo viwavi huua pia watoto wa kereng'ende.

4. Usipige dawa kwa mazoea. Kagua mimea kwanza, na ukiwa na shaka umwulize Bwana Shamba.