Dondoo muhimu: Pesa zikibana, uuze kamera ipi ya filamu?

Anza na ile inayotegemea umeme kwa kila kitu. Contax T2, iliyotoka mwaka 1990, bado ina bei kubwa, lakini saketi yake ikifa, kupata fundi na vipuri ni kazi ngumu. Iuze ingali nzima. Nikon FM2 ibakize: shata yake haihitaji betri, na betri ikiisha unakosa kipimo cha mwanga tu. Pentax K1000 haitakupa fedha ya maana; endelea kupigia picha.

Kabla ya kutangaza, mulika lenzi kwa tochi uone kama ina kuvu, hasa ukiishi pwani, na umweleze mnunuzi kila kasoro. Kamera uliyoachiwa na mzazi usiiguse kabisa.